Chumba Kwanza, Maiki Baadaye

Watu wanaotaka kufungua studio nyumbani huniuliza habari za maiki kabla ya kitu kingine chochote: ipi nzuri, inauzwaje Kariakoo, na kama ile ya bei kubwa kweli inatoa sauti kama ya nyimbo za redioni. Baada ya miaka ya kukaa mbele ya kompyuta nikirekodi na kumiksi sauti za watu katika vyumba vya kupanga, jibu langu ni lilelile, na najua haliwafurahishi. Pesa ya kwanza iende kwenye chumba. Mwenye bajeti ndogo akitenga theluthi moja ya pesa yake kutuliza mwangwi, kisha akanunua maiki ya kawaida kwa kinachobaki, atatoa kazi safi kuliko yule aliyemaliza pesa yote kwenye maiki na kwenda kuisimamisha kati ya kuta tupu. Nalisema hili bila kusitasita kwa sababu nimelisikia likijirudia chumba baada ya chumba, na kwa sababu lina maelezo yasiyotegemea masikio yangu.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, ambacho ndicho wengi wetu tunakianzia Dar es Salaam, sauti inayotoka mdomoni inaweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 100 kabla sekunde moja haijaisha. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta na rangi hunyonya asilimia 2 hivi tu ya nguvu ya sauti inayoufikia; nyingine yote huirudisha ndani. Vigae vya sakafuni hufanya vivyo hivyo, na kioo cha dirisha hakisaidii sana. Kwa hiyo maiki iliyosimama humo inamsikia mwimbaji, halafu inamsikia tena kutoka ukuta wa nyuma, kutoka ubavuni, kutoka darini, kila nakala ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Mtu aliyemo chumbani huvumilia hali hiyo bila kujua, maana ubongo umezoea kuchuja. Maiki haichuji. Na maiki ya bei kubwa, kwa kuwa husikia mengi zaidi, huuchukua mwangwi huo kwa ufasaha zaidi.

Tatizo hukua siku ya kumiksi. Sauti ya kuimba lazima ibanwe na kompresa ili maneno ya chini yasimezwe na mdundo, na kompresa inapoyainua maneno hayo huinua pia kila kilichojificha kati yake: mwangwi, feni, kuku wa jirani. Mwimbaji akiongeza sauti za kuitikia, tuseme tabaka nane, chumba kilekile kinaingia mara nane. Ndiyo maana sauti iliyoonekana safi wakati wa kurekodi huja kusikika kana kwamba imeimbiwa bafuni wimbo unapokamilika, na lawama zote humwangukia aliyeuza maiki.

Elimu ya jambo hili yenyewe ilianza na vitu vya kuazima. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kutafuta kwa nini katika ukumbi mpya wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg mtu hakuweza kuelewa kinachosemwa. Neno moja lilibaki likizunguka humo kwa zaidi ya sekunde 5. Sabine alichukua mito ya viti kutoka ukumbi wa maonyesho wa Sanders uliokuwa jirani, akaihamishia humo nyakati za usiku mji ukiwa umetulia, akapuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa jinsi sauti ilivyochukua muda kufifia. Kila alipoongeza mito muda ulipungua, tena kwa mpangilio unaoweza kuandikwa kama kanuni: muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyonyonya sauti vilivyomo. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa 1900, ulisanifiwa kwa kanuni hiyo, na wajenzi wa studio wanaitumia hadi leo. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba kanuni haiulizi mto umenunuliwa wapi. Inauliza unene wake, eneo lake, na kama hewa inapita ndani yake.

Zamani hoja yangu isingesimama, kwa sababu mitambo ilikuwa ghali kuliko nyumba nzima. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko na si Zanzibar. Kwa miongo mingi baadaye bendi za Dar es Salaam zilitegemea studio ya Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maiki chache. Leo mambo yamegeuka. Kifaa kidogo cha kuunganisha maiki na kompyuta, kile tunachokiita intafesi, hurekodi kwa biti 24, ambazo kinadharia hubeba tofauti ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, wakati chumba cha nyumba ya kawaida hata usiku wa manane kina kelele ya desibeli 30 au zaidi. Leseni ya mtu binafsi ya programu ya Reaper ni dola 60 za Marekani, na Audacity ni ya bure kabisa. Mburahati, prodyuza Sisso na wenzake walitengeneza singeli kwa kompyuta mtaani kwao, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, ambao uliwafungulia vijana wale majukwaa ya Ulaya. Mashine ya bei nafuu imeshakipita chumba. Kinachoturudisha nyuma sasa ni saruji na vigae.

Rekodi zenyewe zinathibitisha. Januari 1982 Bruce Springsteen alirekodi nyimbo za albamu ya Nebraska katika chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, akitumia mashine ya kaseti ya njia nne aina ya Portastudio na maiki mbili za Shure SM57, maiki ambazo hata leo ni za mtu wa kawaida. Chumba kilikuwa na zulia nene. Alikusudia ziwe rasimu za kuionyesha bendi, lakini bendi ilipojaribu kuzirudia studioni hazikuvuka zile za chumbani, na kaseti ikawa albamu. Mwaka huohuo, Los Angeles, Bruce Swedien alirekodi sauti ya Michael Jackson kwa ajili ya Thriller kwa kutumia Shure SM7. Alikuwa na uwezo wa kutumia maiki yoyote duniani, akachagua ya bei ya kati, ndani ya studio iliyojengwa kwa ajili ya sauti. Na albamu ya Billie Eilish iliyotoka 2019, iliyompatia tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka Januari 2020, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha kaka yake, Finneas, nyumbani kwa wazazi wao. Watu hutaja mfano huo kuonyesha kwamba chumba hakina maana. Mimi nauona ukisema kinyume chake. Chumba cha kulala kina kitanda, magodoro, nguo na mapazia, vitu vyote vile ambavyo Sabine angevipigia hesabu, na mwimbaji anayeimba kwa kunong'ona hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye maiki.

Huo ukaribu ni zana ya bure ambayo wengi hawaitumii. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya mwimbaji huongezeka kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa chumba hubaki palepale. Lakini ukaribu una mpaka wake: herufi za p na b huanza kupiga kishindo, na besi ya sauti huvimba. Hapo ndipo chumba lazima kishughulikiwe, na kwa mazingira yetu mali ya kazi hiyo ipo sokoni. Chukua mbao za mbili kwa nne, tengeneza fremu yenye upana wa sentimita 60, urefu wa sentimita 120 na kina cha sentimita 10. Nyuma pigilia kitambaa chepesi badala ya plaiwudi. Ndani jaza mitumba isiyovalika tena, jinzi, mataulo na mablanketi, zikunjwe bila kushindiliwa. Sufi ya magodoro ya zamani inafaa pia, na usumba wa nazi kwa walio pwani. Mbele funika kwa kitenge. Kabla ya kukinunua kitenge hicho, kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita, sauti nayo itapita iingie kunyonywa, isipopita, umenunua ukuta mwingine. Fremu nne za namna hiyo, zikisimamishwa sentimita 10 kutoka ukutani, hukibadilisha chumba kidogo kwa kiasi kikubwa kuliko badiliko lolote la maiki nililowahi kulisikia.

Mahali pa kuziweka pana umuhimu kama zenyewe. Maiki nyingi za studio husikia zaidi upande wa mbele, kule aliko mwimbaji, na huziba masikio upande wa nyuma. Maana yake ukuta unaosikiwa kwa nguvu ni ule ulio nyuma ya kichwa cha mwimbaji. Mara nyingi nakuta mtu ameuvika sponji ukuta ulio nyuma ya maiki, ambao maiki ilikuwa haiuangalii, na kumwacha mwimbaji ameipa mgongo saruji tupu. Hamisha fremu mbili ziende nyuma ya mwimbaji, zikutane pembeni kama kitabu kilichofunguliwa, na godoro likipatikana lisimamishwe papo hapo. Ukiwa na fremu ya ziada itundike darini juu ya kichwa chake.

Trei za mayai naziomba ziachwe. Zimepamba kuta za studio nyingi za mitaani kwa miaka mingi, na heshima yangu kwa waliotoa nyimbo humo ni kubwa, ila karatasi nyembamba haina unene wa kunyonya chochote cha maana. Kitu laini hufanya kazi vizuri pale unene wake unapofikia robo ya urefu wa wimbi. Sponji ya sentimita 2.5 hufikia kiwango hicho kwenye herzi 3,400 hivi, na chini ya hapo nguvu yake hushuka haraka, wakati mwili wa sauti ya mwanadamu unakaa kati ya herzi 100 na mia kadhaa. Ndiyo sababu chumba kilichobandikwa sponji nyembamba kila mahali hutoa sauti iliyozibwa juu na inayovuma chini. Tena trei na sponji hushika moto upesi, karibu na nyaya na adapta zinazopata joto mchana kutwa.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la kisasa: siku hizi kuna programu za kuondoa mwangwi, kwa nini kuhangaika na mbao? Programu hizo zipo, na za sasa zimekuwa bora sana kuliko za awali. Kwa mahojiano na podikasti zinatosha kabisa. Kwenye kuimba hali ni nyingine, kwa sababu programu inakisia kipi ni sauti na kipi ni chumba, na mahali inapokosea ni palepale penye thamani: mwisho wa neno linalofifia, pumzi, mtetemo wa sauti ya mwimbaji wa taarabu anapoivuta irabu. Kinyume chake, mwangwi unaotakiwa unaongezwa kirahisi baadaye. Motown, iliyoanzishwa Detroit 1959 kwa mkopo wa dola 800 ambao Berry Gordy aliupata kwa familia yake, ilifanya hivyo bila kompyuta: sauti ilirekodiwa kwanza, kisha ikapelekwa kwenye spika ndani ya dari la nyumba na kurudishwa ikiwa na mwangwi wake. Mwenye sauti kavu anaweza kuchagua msikiti, ukumbi au korido. Mwenye sauti iliyokwisha kulowa mwangwi ameshachaguliwa.

Wapo watakaonitajia Black Ark, studio ambayo Lee Perry aliijenga 1973 nyuma ya nyumba yake Kingston, Jamaika, akafanya kazi kwa mashine ya njia nne na kutoa sauti ambayo studio kubwa hazikuweza kuiiga. Nakubali kwamba ukungu wa rekodi zile ni sehemu ya uzuri wake. Ila Perry aliujenga ukungu huo kwa mkono wake, kwa mashine za mwangwi alizozizungusha makusudi, tabaka juu ya tabaka. Ukungu unaoletwa na vigae vya sebuleni haujachaguliwa na mtu, na unafanana katika nyumba zote za mtaa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watengeneza midundo: mimi sirekodi mtu, kila kitu kiko ndani ya FL Studio, chumba kinanihusu nini? Kinamhusu kuliko wote. Katika chumba cha mita 3 kati ya kuta mbili, besi ya herzi 57 hivi hujikusanya karibu na kuta na kufifia katikati kabisa. Kikiwa mraba, jozi zote mbili za kuta hugongana kwenye herzi hiyohiyo na hali huwa mbaya maradufu. Sasa prodyuza ameweka kiti katikati ya chumba, kwa kuwa ndipo panapoonekana pazuri. Haisikii besi ya ngoma yake, anaiongeza, bado haisikii, anaiongeza tena. Wimbo unakwenda kwenye sabufa ya jirani au kwenye daladala, na besi inameza maneno yote. Dawa ya kwanza ni ya bure: kiti kisogezwe kuelekea ukuta wa mbele, karibu theluthi moja ya urefu wa chumba au zaidi kidogo, usikilize besi inavyobadilika unavyosogea. Ya pili ni fremu nene kwenye pembe. Ya tatu, na ndiyo ninayoisisitiza kwa mwenye pesa kidogo, ni kununua hedifoni nzuri za kuziba masikio kabla ya spika za studio, kwa kuwa hedifoni hazina chumba. Kisha sikiliza wimbo kwenye sabufa, kwenye simu, kwenye gari. Wakati wa kumiksi Thriller walikuwa na spika ndogo za Auratone pembeni ya zile kubwa kwa kazi hiyohiyo ya kujua wimbo utasikikaje kwa mtu wa kawaida.

Pingamizi la mpangaji ni zito zaidi, nami silipuuzi. Nyumba si yako, joto ni la Dar es Salaam, mabati hupiga kelele mvua ikianza, na bodaboda hazilali. Fremu za kusimama zinatibu sehemu moja tu ya hayo: zinahama na mwenyewe bila kuacha tundu ukutani. Kelele za nje hazizuii, na hapa watu wengi wanapoteza pesa, kwa kudhani sponji inayotuliza mwangwi itazuia pia sauti isiingie wala kutoka. Kuzuia kunahitaji uzito na kufunga kila upenyo wa hewa, jambo ambalo kwa mpangaji ni gharama isiyorudi, tena chumba kilichofungwa hivyo bila kiyoyozi hakikaliki. Ratiba inasaidia kuliko ujenzi. Rekodi usiku uliotulia au alfajiri mapema, zima feni kwa dakika za kuimba tu kisha iwashe, pumzisha mwimbaji. Laptopu itoe kwenye chaja ukisikia mvumo wa umeme, maana mara nyingi mvumo huo hupitia chaja isiyo na athi nzuri, na betri hukulinda pia umeme ukikatika katikati ya wimbo.

Maiki yenyewe, kwa chumba cha namna hii, naishauri iwe ya dainamiki. Haihitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, haichukui kila kinachopita nje, na inastahimili unyevu wa pwani, ambao kwenye kondensa huleta mikwaruzo na kupungua kwa sauti. Mwenye kondensa Zanzibar, Tanga au Mombasa aifungie kwenye boksi lenye vipakiti vya kukausha kila akimaliza kazi. Dainamiki inataka mwimbaji aisogelee na intafesi ipandishwe kidogo zaidi. Usiogope kurekodi kwa kiwango cha chini: kilele kikiwa kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, biti 24 zina nafasi tele, na mwimbaji akilipuka kwenye kiitikio sauti haipasuki.

Limebaki pingamizi la biashara. Msanii akiingia studio hutazama mitambo kwanza, na maiki ya dhahabu kwenye stendi humvutia kuliko fremu za vitenge. Hilo ni kweli, na anayeishi kwa wateja lazima alifikirie. Lakini msanii anavaa hedifoni kabla hajalipa. Akisikia sauti yake kavu, karibu, kila neno limesimama, huimba tofauti papo hapo: anapunguza kupiga kelele, anathubutu sehemu za chini, anarudia mara chache. Hilo nimeliona kwa waimbaji wa kila aina, wa kwaya, wa bongo fleva, wa kaswida, na ndilo linalowarudisha na kuwafanya walete wenzao. Pesa yao ikianza kuingia, naipanga hivi: fremu mbili zaidi za pembeni, kisha spika za kusikilizia, kisha betri ya akiba ya kompyuta. Baada ya hapo kondensa ya bei kubwa, kwa anayeitamani bado, itakuwa na kitu cha kusikiliza zaidi ya kuta.